Leza Isiyounguza

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote katika kazi yangu huulizwa kwa sauti ya chini, mgonjwa akiwa ameshakaa kitini: "Daktari, kwani hiyo leza haitaniunguza jicho?" Wengine huliuliza huku wakicheka, ili nikiona ni swali la kijinga waseme walikuwa wanatania. Ni swali la maana sana. Anayeuliza hivyo ameshajua kwamba leza ni mwanga, kwamba mwanga una nishati, na kwamba nishati ikimwagwa mahali pamoja huacha joto. Hajakosea hata kidogo. Zipo leza ambazo kazi yake hasa ni kuunguza, na tunazitumia kwenye jicho hilohilo, kwa mfano kumtibu mtu ambaye kisukari kimemharibia mishipa ya damu ya retina, ule utando wa ndani, nyuma ya jicho, unaopokea picha. Kwa hiyo siwezi kumjibu kwamba leza haziunguzi. Ninachomwambia ni kwamba hii, inayokata konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, katika upasuaji wa kumwondolea mtu miwani, haiunguzi kwa sababu inapiga kwa muda mfupi mno, mfupi kiasi kwamba joto halipati nafasi ya kutembea.

Leo nataka tukae kwenye ufupi huo. Tuuone unavyofanya kazi, ulivyofika kwenye jicho la binadamu, halafu tuseme bila kuoneana haya ni mambo gani hauwezi kuyafanya. Huko mwishoni ndiko watu wengi huumizwa na matangazo.

Chukua sekunde moja uigawanye mara bilioni moja. Umepata nanosekunde. Chukua hiyo nanosekunde uigawanye tena mara milioni moja. Sasa umefika kwenye femtosekunde. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini ndani ya femtosekunde moja husogea mikromita 0.3 tu, na mikromita ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Ukitaka kuipima kwa miaka, femtosekunde ikilinganishwa na sekunde ni kama sekunde ikilinganishwa na miaka milioni 32 hivi. Leza za upasuaji wa konea hutoa mapigo ya mwanga yenye urefu wa femtosekunde mia kadhaa.

Tuseme pigo moja limebeba mikrojuli moja ya nishati, yaani juli moja iliyogawanywa mara milioni. Ni kidogo sana. Huwezi kupashia moto hata tone la maji ukalihisi kwa kidole. Lakini nishati hiyo ikitolewa yote ndani ya femtosekunde 500, nguvu yake katika kipindi hicho ni megawati mbili. Sasa ilenge nguvu hiyo kwenye nukta yenye upana wa mikromita chache. Pale kwenye nukta, na pale tu, mwanga unakuwa mkali kiasi cha kung'oa elektroni kutoka kwenye molekuli za konea. Nyama inageuka kuwa plazima, yaani gesi ya chembe zenye umeme, plazima inatanuka, na mahali pake panabaki kipovu kidogo cha mvuke wa maji na gesi. Yote yamekwisha kabla joto halijawafikia majirani. Wahenga walituambia haraka haraka haina baraka. Niwatetee tu kwamba hawakuwahi kuiona leza hii.

Kuna jambo la pili ambalo mimi binafsi bado linanistaajabisha. Mwanga huu una urefu wa wimbi wa nanomita 1,040 hivi, yaani ni infraredi, na konea inaupitisha kama dirisha linavyopitisha mwanga wa mchana. Unapita kwenye uso wa konea bila kuacha alama, kwa kuwa bado umetawanyika. Unapokutana kwenye kilele chake ndipo fotoni nyingi, yaani chembe za mwanga, humezwa kwa pamoja na nyama kupasuka. Ukishapita kilele hicho unatawanyika tena, na ule unaoendelea kwenda nyuma ya jicho hauna ukali wa kukata. Kisu chochote ulichowahi kukishika kinaanzia nje kwenda ndani. Hiki kinaweza kukata katikati ya konea huku ngozi yake ya juu haijaguswa.

Pigo moja halikati kitu cha maana. Inabidi yapangwe mengi, moja kando ya jingine, kwa umbali wa mikromita chache, kama vitobo vinavyozunguka stempu. Mashine inayopiga mara 500,000 kwa sekunde, ikifanya kazi kwa sekunde 20 hadi 30, imepanga mapigo kati ya milioni 10 na milioni 15 ndani ya jicho moja. Baina ya vitobo hubaki vinyuzi vya nyama, na daktari huvitenganisha kwa kifaa kisicho na makali. Ndiyo maana mgonjwa husikia "leza imemaliza" lakini bado daktari anaendelea kushughulika. Hapana kilichoharibika. Ni kazi ya mkono inayofuata kazi ya mwanga.

Jicho halikuwa akilini mwa waliofungua njia hii.

Kabla ya miaka ya 1980 tatizo lilikuwa hili: ukitaka kulikuza pigo fupi sana la mwanga ili liwe na nguvu, linakiharibu kifaa chenyewe cha kukuzia. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, mwanafunzi wa uzamivu Donna Strickland na msimamizi wake, Mfaransa Gérard Mourou, walieleza njia ya kulikwepa. Walilinyoosha pigo kwanza kwa kulipitisha kwenye uzi wa kioo wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, likawa refu na dhaifu. Wakalikuza likiwa hivyo hivyo dhaifu, lisiharibu kitu. Kisha wakalibana likarudi kuwa fupi, safari hii likiwa na nguvu zake zote. Nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya mwaka 2018 ilikwenda kwao wawili, na nusu nyingine kwa Arthur Ashkin kwa kazi tofauti. Strickland alikuwa mwanamke wa tatu kupata tuzo hiyo ya fizikia, baada ya Marie Curie mwaka 1903 na Maria Goeppert Mayer mwaka 1963.

Mourou alihamia Chuo Kikuu cha Michigan, na huko, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikatokea ajali. Mwanafunzi mmoja alikuwa akirekebisha vioo vya leza bila kinga machoni, mwanga ukampiga jichoni. Aliyempokea hospitali alikuwa daktari kijana aliyekuwa bado kwenye mafunzo ya macho, Ron Kurtz. Alipochungulia nyuma ya jicho alikuta majeraha madogo sana, ya duara safi, ambayo hakuwahi kuyaona kwa mtu aliyeumizwa na leza. Daktari mwingine angeandika dawa, akamwonya kijana kuhusu miwani ya kinga, akaita mgonjwa anayefuata. Kurtz alikwenda kuuliza ni leza ya namna gani inayoumiza kwa unadhifu namna ile. Akaungana na mwanafizikia Tibor Juhasz, na mwaka 1997 wakaanzisha kampuni iliyoitwa IntraLase kwa ajili ya kuipeleka leza ya femtosekunde kwenye konea. Mwaka 2022 kisa hicho kilipewa tuzo ya Golden Goose, inayotolewa Marekani kwa utafiti ulioonekana hauna maana na baadaye ukawafaa watu wengi.

Sasa, konea ilikuwa inawasubiri na kazi gani?

Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho, mbele ya sehemu yenye rangi. Katikati ina unene wa mikromita 540 hivi, kwa wastani, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Ni nyembamba, lakini inafanya zaidi ya theluthi mbili ya kazi ya kukunja mwanga: diopta 43 hivi katika jumla ya 60 za jicho zima, diopta ikiwa ndicho kipimo cha nguvu ya kukunja mwanga, kilekile cha namba ya miwani. Haina mishipa ya damu. Ina mishipa ya fahamu mingi ajabu, na yeyote aliyewahi kuingiwa na mchanga jichoni anaweza kutoa ushahidi. Mtu asiyeona mbali huwa jicho lake ni refu kupita uwezo wa kukunja wa konea na lenzi yake, au konea imebinuka kupita kiasi, hivyo picha inakutana kabla ya kufika kwenye retina. Ukiipunguza konea mbinuko katikati, picha inasogea nyuma mpaka mahali pake.

Wazo hilo ni la zamani kuliko leza. José Ignacio Barraquer, Mhispania aliyefanya kazi yake kubwa Bogotá nchini Kolombia, aliliandika mwaka 1949. Alikuwa akikata kisahani cha konea, anakigandisha kwa baridi, anakikereza kwenye mashine, kisha anakirudisha kwenye jicho. Mnaona ujasiri huo? Mwaka 1983 Stephen Trokel, akishirikiana na wanasayansi wa kampuni ya IBM, alionyesha kwamba leza ya eksima inaweza kuchonga konea bila kuiunguza. Hiyo ni leza nyingine kabisa: ya miale ya urujuanimno ya nanomita 193, inayovunja viunganishi vya molekuli usoni tu na kuondoa takriban robo ya mikromita kwa kila pigo. Haiwezi kuingia ndani. Inachonga pale inapogusa. Ilipotumika moja kwa moja juu ya konea, baada ya kukwangua ngozi ya juu, upasuaji ukaitwa PRK. Kisha, kuelekea mwaka 1990, Ioannis Pallikaris wa Krete, Ugiriki, akaunganisha mambo mawili: kukata kifuniko chembamba cha konea kinachobaki kimeshikwa upande mmoja, kukifunua, kuchonga chini yake kwa eksima, na kukirudisha. Hiyo ndiyo LASIK.

Kifuniko hicho kilikatwa kwa wembe unaokwenda kwa mota. Kwa kawaida ulikata vizuri. Lakini kwenye konea iliyobinuka sana wembe ungeweza kutoboa katikati, na kwenye iliyo bapa sana kifuniko kingeweza kutoka chote. Unene wake nao haukutabirika: ungepanga mikromita 130 ukapata zaidi au pungufu, tena katikati pembamba kuliko pembeni. Hapo ndipo leza ya femtosekunde ilipopata ajira yake ya kwanza. Ilikuja kuufukuza wembe.

Naomba hili lishikwe vizuri, maana nimesikia hata watu wa fani wakilichanganya. Ukifanyiwa LASIK ya kisasa, leza ni mbili. Ya femtosekunde inakata kifuniko, na kazi yake imeishia hapo. Inayorekebisha namba ya miwani yako ni ile ya eksima. Ndiyo maana tafiti zinazolinganisha kifuniko cha leza na kifuniko cha wembe hazionyeshi tofauti kubwa kwenye uoni wa mwisho. Tofauti iko kwenye utabiri wa unene na aina ya matatizo yanayoweza kutokea. Anayekuambia kwamba kwa leza ya femtosekunde utaona vizuri mara mbili anauza.

Njia inayotumia leza ya femtosekunde peke yake inaitwa SMILE. Ilitengenezwa Ujerumani na Walter Sekundo na Marcus Blum, ikaingia sokoni mwaka 2011, na mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikubali mwaka 2016 kwa wasioona mbali. Leza inakata nyuso mbili ndani ya konea, ya chini kwanza halafu ya juu, ili kati yake kibaki kijilenzi chembamba. Kisha inafungua mlango mdogo wa milimita mbili hadi nne, na daktari anakitoa kijilenzi hicho kwa kibanio. Hakuna kifuniko. Kifuniko cha LASIK hukatwa kwa mzunguko wa milimita 20 hivi, kwa hiyo mtaona wenyewe tofauti ya mishipa ya fahamu inayokatwa. Ukavu wa macho baada ya SMILE kwa kawaida ni mdogo zaidi, na hakuna kifuniko cha kuhama mtu akipigwa kiwiko mchezoni. Kwa upande mwingine, uoni huchukua siku zaidi kutulia. Kijilenzi lazima kiwe na unene fulani wa chini ili kiweze kushikika, hivyo nyama inayoondoka ni zaidi kidogo. Na ikibaki namba ya kurekebisha baadaye huwezi tu kufunua na kuongeza. Mara nyingi tunarudi kwenye PRK, ile ya zamani.

Na PRK isidharauliwe. Inauma siku chache, uoni unajikongoja kwa wiki kadhaa, lakini haikati kifuniko wala haiingii ndani. Kwa konea nyembamba, au kwa mtu ambaye kazi yake ni kupigwa usoni, mimi bado ndiyo ninayoipendekeza.

Kwa mgonjwa, siku yenyewe ni fupi. Unalala chali, unatiwa matone ya ganzi, kifaa kidogo kinazishika kope zisifumbe. Swali la "nikipepesa je?" linaishia hapo. Kisha inakuja pete ya kufyonza inayolishika jicho lisitembee. Unahisi kukandamizwa, na kwa baadhi ya mashine uoni unafifia kabisa kwa sekunde kadhaa. Tunawaambia mapema, maana asiyeambiwa anadhani ameshapofuka. Ukishtuka au ukikohoa pete ikaachia, mashine inasimama yenyewe. Kinachofuata kinategemea leza ilikuwa imefika wapi: mara nyingine tunaanza upya dakika hiyohiyo, mara nyingine tunaahirisha au tunabadili njia. Baadaye utapewa matone ya antibayotiki na ya kutuliza uvimbe, na utaambiwa usifikiche macho. Wengi wanaliona sharti hilo kuwa dogo. Si dogo.

Sasa nije kwenye lile ambalo ufupi wa pigo hauwezi kulifanya. Leza inakata kwa usahihi wa mikromita, lakini haijui kama jicho lililo mbele yake lilistahili kukatwa. Itakata konea inayofaa na isiyofaa kwa unadhifu uleule.

Tupige hesabu kidogo, mniwie radhi. Kwa kuchonga eneo la milimita 6, kila diopta moja ya kutoona mbali inagharimu mikromita 12 hivi za konea. Mtu mwenye konea ya mikromita 540 na namba ya diopta 6: kifuniko 110, kuchonga 72, chini zinabaki 358. Yuko salama kwa unene. Mwingine ana konea ya 480 na namba ya 8: kifuniko 110, kuchonga 96, zinabaki 274. Kiwango cha chini kilichozoeleka ni 250, kwa hiyo kwenye karatasi amepita. Lakini madaktari wengi siku hizi wanataka zibaki 300, tena wanaangalia ni asilimia ngapi ya konea imeguswa kwa jumla. Huyu ameguswa 206 kati ya 480, karibu asilimia 43, na ukivuka 40 hatari inapanda. Mimi nitamwambia hapana. Atakwenda kwingine, huenda akafanyiwa, na huenda asipate tatizo lolote, akaniona nilikuwa mwoga.

Tatizo ninalolikwepa ni konea kulegea na kuanza kuchomoza mbele baada ya upasuaji. Likitokea, miwani haisaidii tena vya kutosha, na matibabu yake ni marefu. Hatari kubwa zaidi iko kwa mtu ambaye tayari alikuwa na keratokonasi, ugonjwa wa konea kudhoofika na kuchongoka, bila mwenyewe kujua. Katika hatua za mwanzo anaona vizuri tu kwa miwani. Dalili inaweza kuwa kwamba namba yake, hasa ya astigimatizimu, yaani mbinuko usiolingana pande zote, inabadilika kila anapopimwa. Kinachoweza kumgundua ni mashine inayochora ramani ya konea, uso wa mbele na wa nyuma pia, kwa kuwa ubovu unaweza kujionyesha nyuma kwanza. Lenzi za kuvaa jichoni huibadilisha konea umbo, kwa hiyo lazima ziachwe kabla ya vipimo: wiki moja hadi mbili au zaidi kwa zile laini, na wiki kadhaa kwa zile ngumu. Ukifika kituoni na lenzi machoni, ukapimwa hapo hapo na kupangiwa upasuaji kesho yake, nyanyuka uondoke.

Nasemea hili kwa ukali kwa sababu maswali mengi ninayopokea yanahusu mashine. Ipi mpya, ipi ina kasi, ipi imetoka Ujerumani. Mchagua jembe si mkulima. Nikilazimika kuchagua kati ya kituo chenye leza ya mwaka huu na vipimo vya chapuchapu, na kituo chenye leza ya miaka kumi na daktari anayejulikana kwa kukataa wagonjwa, jicho langu nitalipeleka kwa huyo anayekataa.

Wapo pia ambao wanaambiwa wasubiri. Mwenye umri chini ya miaka 18, na hata aliyeuvuka kama namba yake bado inasogea. Mjamzito na anayenyonyesha, kwa kuwa homoni hubadilisha namba. Mwenye ukavu mkali wa macho atibiwe kwanza, maana upasuaji utamwongezea. Mwenye magonjwa ya kinga ya mwili kujishambulia anahitaji mazungumzo marefu kuliko haya.

Na hata kila kitu kikienda sawa, kuna gharama. Macho kukauka kwa miezi kadhaa ni jambo la kawaida. Usiku taa zinaweza kuwa na duara la mwanga kuzizunguka, hasa mwanzoni. Wengi wanapona au wanazoea. Wachache wanabaki nayo, na kwa dereva wa usiku uchache huo si faraja.

Leza hii imeingia pia kwenye mtoto wa jicho. Zoltán Nagy wa Budapest aliitumia kwa mara ya kwanza mwaka 2008, kufungua utando wa lenzi na kuivunjavunja lenzi iliyochafuka kabla ya kuifyonza. Duara linalokatwa ni zuri mno, mkono wa binadamu haulifikii. Hata hivyo majaribio makubwa yaliyofanywa Ufaransa na Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2020, hayakupata kwamba wagonjwa waliopata leza waliona vizuri kuliko waliofanyiwa kwa njia ya kawaida. Gharama ilikuwa juu zaidi. Kwa hiyo mama yako akipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho bila leza, usimhurumie. Ninapoiona leza hii ikilipa kweli, mbali na kurekebisha uoni, ni kwenye kukata konea ya kupandikiza na ya mpokeaji zikashikana vizuri, na kwenye kuchimba vijia vya kuweka vipete ndani ya konea yenye keratokonasi.

Limebaki jambo ambalo watu husahau mara tu wanapotupa miwani. Upasuaji umebadilisha mbele ya jicho. Nyuma ni palepale. Jicho la kawaida lina urefu wa milimita 24 hivi, na kila milimita ya ziada huleta takriban diopta 2.5 hadi 3 za kutoona mbali. Aliyekuwa na namba 8 bado ana jicho refu, retina yake imevutika, na hatari yake ya retina kuchanika au kubanduka haijapungua hata chembe kwa sababu sasa anasoma mabango bila miwani. Akiona vimweko vya mwanga, au ghafla vidoti vingi vyeusi vinavyoelea, aende hospitali siku hiyohiyo. Akifika miaka arobaini na kitu atahitaji miwani ya kusomea kama watu wengine wote. Hiyo inatokana na lenzi ya ndani kukakamaa, na leza ya konea haikuigusa. Akipimwa presha ya macho, konea yake iliyopunguzwa itasoma chini ya ukweli, kwa hiyo lazima amwambie anayempima kwamba aliwahi kufanyiwa.

Na siku atakapopata mtoto wa jicho, daktari atahitaji kukokotoa nguvu ya lenzi bandia ya kumwekea. Hesabu hiyo hutumia mbinuko wa konea, na konea iliyochongwa huidanganya, mgonjwa akaishia na namba asiyoitarajia. Kwa hiyo kabla hujaondoka kituoni, omba karatasi ya vipimo vyako vya kabla ya upasuaji: namba ya miwani, mbinuko wa konea, unene wake, na ni mikromita ngapi zilizoondolewa. Ipige picha, tunza nakala, na mwonyeshe mtu wa nyumbani inakokaa, maana siku utakayoihitaji huenda wewe mwenyewe hutaweza kuisoma.

Nimemaliza. Maswali, karibuni.